Mgeni wa Siku ya Tatu

Leo nakupeleka Eldoret, mtaa wa Kimumu, na naomba usinicheke nikianza na kiberiti.

Ilikuwa mwezi wa Julai, saa kumi na moja alfajiri, niliposikia hodi. Nilikuwa ghorofa ya pili ya jumba moja karibu na barabara ya kwenda Iten, katika nyumba niliyoikodi kwa kazi ya siku nne. Siku hizo nne zilikuja kuwa kumi na moja, lakini hayo ni ya baadaye. Nikajifunga leso, nikauliza nani. "Ni mimi, jirani yako wa mlango wa pili. Samahani mwanangu, jiko limekataa kuwaka. Huna kiberiti?"

Nikafungua. Mama wa makamo, sweta mbili, soksi nzito ndani ya ndala. Alikuwa ametoka Lodwar, zaidi ya kilomita 300 kaskazini, na kwa mtu aliyezoea jua la Turkana, Julai ya Eldoret ni adhabu. Tukaingia jikoni kwake. Kile kitufe cha kuwashia kilikuwa kinalia tu, tk, tk, tk, bila cheche. Nikachoma njiti, moto wa buluu ukashika, naye akaweka sufuria. Uji wa wimbi. Kando alikuwa ameweka themosi kubwa, ameitia maji ya moto kwanza ipate joto kabla ya kupokea uji. Mumewe alikuwa amelazwa Hospitali ya Rufaa ya Moi, na hiyo ilikuwa wiki yake ya tatu mjini. Kila alfajiri anapika, anajaza themosi, anaitia kwenye kiondo pamoja na kikombe na kijiko, halafu anateremka ngazi kutafuta boda boda.

Sufuria zile si zake. Mwiko si wake, jokofu si lake, hata pazia la maua pale dirishani si chaguo lake. Vyote vimo katika bei ya usiku. Lakini alifungua kabati bila kutafuta, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye mkebe wa sukari.

Nilipolala tena, usingizi haukuja. Neno moja lilikuwa limenikaa: jirani. Nimelala katika hoteli nyingi, msikilizaji, nzuri na mbovu. Sijawahi kugongewa na mtu wa chumba cha pili akaniita jirani. Hotelini mtu wa chumba cha pili ni kikohozi ukutani. Mkikutana kwenye lifti mnatazama namba za ghorofa zikibadilika. Hapa Kimumu, mimi mgeni na yeye mgeni, sote tunalipa kwa usiku, na bado kiberiti kilitufanya majirani kabla ya jua kuchomoza.

Hizi nyumba zimezagaa sasa. Watu wa Eldoret wanaziita BnB, hata kama mwenyewe hajawahi kuiona tovuti ya Airbnb, ile kampuni iliyoanzia San Francisco mwaka 2008 na ambayo jina lake limegeuka kuwa jina la kitu, kama vile Wakenya wengi wanavyoita kila sabuni ya unga Omo. Wengine wanasema "nyumba fanisht". Kwa ufupi ni hivi: nyumba ya kawaida ya kupanga, ya chumba kimoja au viwili vya kulala, sebule, jiko na choo, imetiwa kitanda, kochi, televisheni, waifai na mtungi wa gesi, kisha inakodishwa kwa siku au kwa wiki. Mara nyingine jumba zima limejengwa kwa kazi hiyo, na mlinzi getini na kijana wa kupokea funguo. Mara nyingine ni nyumba mbili tatu ndani ya ploti, na upande wa pili wa ukuta wanaishi mwalimu, muuguzi na mama anayeuza mitumba.

Na Kimumu ni mtaa wa watu. Ni wadi katika eneo bunge la Moiben, unaupitia ukitoka katikati ya mji kuelekea Iten. Hakuna mnyama wa kutazama wala ufuo wa kuogelea. Kuna watoto wa shule asubuhi, kuna kibanda cha sukuma wiki na managu, kuna mashine ya maziwa ambayo sote tunaiita ATM: unatumbukiza sarafu, unakinga chupa. Sasa msafiri mwenye pesa zake anatafuta nini huku, na mjini kuna hoteli zenye zulia?

Hebu nianze na neno lenyewe. Sisi tukisema hoteli, mara nyingi hatumaanishi mahali pa kulala. Tunamaanisha chai na mandazi, tunamaanisha ugali na matumbo. Mtu akikwambia "twende hotelini" saa saba mchana, hujabeba mswaki. Ukitaka kitanda unasema lojing'i. Kiswahili kiliichukua hoteli kikaipa kazi ya kulisha, na nadhani kiligusa jambo. Kulala ni kitu kidogo. Yeyote aliyesafiri usiku kwa basi anajua kwamba binadamu analala popote. Kula ndiko kunakomshinda mtu akiwa ugenini, hasa akikaa.

Akikaa. Hapo ndipo penyewe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunaitumia methali hii kumtania mgeni asiyeondoka, lakini isikilize upya: inasema kuna aina mbili za mgeni. Wa siku mbili anaandaliwa, anachinjiwa kuku, anatandikiwa shuka jipya. Wa siku ya tatu ameshakuwa mtu wa nyumbani, na kumwandalia kila kitu ni kumchosha na kujichosha. Mpe kazi ya mikono yake. Hoteli imejengwa kwa ajili ya mgeni wa siku mbili. Kila kitu pale ni kuandaliwa: unatandikiwa, unapakuliwa, unafunguliwa mlango. Usiku wa kwanza ni raha. Usiku wa tano unatamani mtu akuache uoshe kikombe chako.

Na Eldoret, ukiitazama vizuri, ni mji wa wageni wa siku ya tatu.

Tuanze na hospitali, maana ndiyo inayoleta wengi na ndiyo inayosahaulika katika matangazo ya utalii. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ilianza mwaka 1917 kama hospitali ndogo ya vitanda visivyofika mia. Leo ni hospitali ya rufaa ya Kenya magharibi, na wagonjwa wake wanatoka Bungoma, Busia, Pokot, Turkana, wengine wanavuka mpaka kutoka Uganda na Sudan Kusini. Mwaka 2015 ikafunguliwa hapo hapo hospitali ya watoto ya Shoe4Africa, iliyotokana na harambee ya miaka mingi ya mwanariadha Toby Tanser. Sasa fikiria mgonjwa wa saratani anayepigwa mionzi. Mionzi hutolewa kidogo kidogo, kwa kawaida siku 5 kwa juma, na inaweza kwenda majuma kadhaa. Kila kikao ni dakika chache. Hana sababu ya kulazwa wodini, na hana uwezo wa kurudi Lodwar kila jioni. Anahitaji mahali pa kukaa, na mtu wa kukaa naye, na chakula anachoweza kukimeza, kwa sababu kinywa kikiwa na vidonda hakitaki chipsi wala pilau. Kinataka uji. Uji mwepesi, usio na sukari nyingi, saa anayoutaka yeye. Nionyeshe hoteli itakayokupikia huo saa tisa usiku.

Nilimuuliza yule mama kwa nini hakukaa karibu kabisa na hospitali, apunguze nauli ya boda boda. Akanijibu kwamba alilala huko siku tano za mwanzo, katika lojing'i moja yenye baa chini yake. "Muziki mpaka alfajiri, mwanangu. Na kulia kwenyewe kunataka ukimya." Hilo la mwisho alilisema huku akiosha mwiko, kama mtu anayesema bei ya nyanya.

Basi ukisikia wataalamu wakieleza kwamba wasafiri wanapenda mitaa ya makazi kwa ajili ya "utulivu", ujue utulivu una maana nyingi.

Wageni wa pili ni wa riadha, na hawa ndio wanaojulikana. Eldoret iko mita kama 2,100 juu ya usawa wa bahari. Iten, kilomita 35 hivi mbele, iko karibu mita 2,400. Hewa hapo ni nyepesi, mwili unalazimika kutengeneza chembe nyekundu zaidi za damu ili kubeba oksijeni, na kazi hiyo haifanyiki kwa wikendi. Inachukua wiki tatu na zaidi. Kwa hiyo Mjerumani, Mhindi au Mganda anayekuja kufanya mazoezi hawezi kuja kwa siku mbili hata akitaka. Wengi wanapanda moja kwa moja hadi Iten, kwenye kambi kama ile ya mwanariadha Lornah Kiplagat. Lakini wako wanaobaki upande huu wa chini: aliyekuja na mke na mtoto mchanga, aliyeumia goti na anataka kuwa karibu na hospitali, anayependa kujipikia. Na mkimbiaji ana jambo moja ambalo hoteli haijawahi kulielewa. Anaamka saa kumi na moja, anakimbia, anakula, kisha saa nne asubuhi analala usingizi wa pili, mzito kuliko wa kwanza. Saa nne asubuhi ndiyo saa ambayo hoteli zote ulimwenguni zinagonga mlango na kusema usafi.

Wa tatu ni watu wetu wenyewe wa ughaibuni, na hapa kuna jambo la adabu ambalo sijawahi kulisoma popote. Mtu ametoka Minnesota au Texas, Desemba, na mke na watoto watatu, amekuja kwa koito ya mdogo wake, ile sherehe ya Wakalenjin ya kuposa. Nyumba ya wazazi imejaa mashangazi. Akienda kukaa katika hoteli mjini, mama yake atanuna mwaka mzima: mtoto wangu amekuja nchini akalala kwa watu! Lakini akikodi nyumba Kimumu, mambo yanakuwa mengine. Mama atakuja na kibuyu chake cha mursik, yale maziwa ya mgando, ataingia jikoni, atafungua kila kabati, atalalamika kwamba mwiko ni mdogo, atasonga ugali. Ameshinda. Mwanawe yuko nyumbani. Hoteli ina jiko pia, na mpishi mwenye kofia, ila mama hawezi kuingia humo.

Sasa, tusijifanye tumegundua kitu. Pwani walilijua hili zamani sana. Majahazi ya Arabuni na Ghuba yalisukumwa na kaskazi mwishoni mwa mwaka, yakatua Lamu, Mombasa, Unguja, na hayakuweza kurudi mpaka kusi ianze kuvuma baada ya miezi. Mfanyabiashara wa jahazi alikuwa mgeni wa siku ya tatu kwa amri ya upepo. Nyumba za mawe za Waswahili zikawa na sabule, chumba cha mgeni kilichotengwa na sehemu ya ndani ya familia, ili mtu akae miezi bila kuvunja sitara ya wenye nyumba. Mwenyeji na mgeni waliishi chini ya dari moja, wakafanya biashara, mara nyingine wakaoana. Hapa Eldoret nako, Chuo Kikuu cha Indiana kilipoanza ushirikiano na Chuo Kikuu cha Moi mwishoni mwa miaka ya 1980, ushirikiano uliokuja kuzaa mpango wa afya wa AMPATH mwaka 2001, madaktari na wanafunzi wao waliokuja kwa miezi hawakutupwa hotelini. Walikaa katika nyumba za mtaani, na makazi hayo yanajulikana mpaka leo kama IU House. Wenye ploti za Kimumu wamekuja kulifanya jambo hilo biashara tu.

Na biashara ina hesabu zake. Bei naziweka mimi hapa kwa ajili ya mfano, usije ukanipigia simu. Familia ya watu wanne, vyumba viwili vya hoteli kwa shilingi 3,000 kila kimoja, ni 6,000 kwa usiku. Milo mitatu ya watu wanne ni sahani 12. Kila sahani 300, hiyo ni 3,600. Jumla 9,600 kwa siku. Nyumba ya vyumba viwili kwa 4,500, na shilingi 1,000 za soko: unga, maziwa, managu, mayai. Ni 5,500. Baada ya siku kumi umebakiza 41,000. Hiyo ni karo ya mtu. Lakini geuza mfano: wewe ni mmoja, unalala usiku mmoja, asubuhi una mkutano mjini. Hoteli inakupa kiamshakinywa na haikuombi ununue chumvi. Kwa huyo nasema bila kusita, nenda hotelini. Nimeona watu wakikodi nyumba ya vyumba viwili kwa usiku mmoja ili wapige picha kwenye kochi, na hiyo ni shauri yao.

Wala raha yenyewe si kamili. Usiku wangu wa tatu umeme ulikatika saa nane kasoro. Tokeni zilikuwa zimeisha na mita iko chini, ndani ya kisanduku chenye kufuli, na mwenye ufunguo amelala. Hotelini jenereta ingenguruma. Mimi nilikaa kwenye kochi na tochi ya simu nikisubiri kupambazuke, nikiilaani methali ya jembe.

Kuna pia wale tusiowauliza: majirani wa kweli, wanaolipa kwa mwezi. Kwao kila wiki kuna sura mpya ngazini. Watoto waliofundishwa kumwamkia kila mtu mzima wa ploti sasa hawajui wamwamkie nani. Geti linafunguliwa usiku wa manane. Mapema mwaka 2024, baada ya wanawake wawili kuuawa katika nyumba za aina hii jijini Nairobi mwezi huo huo wa Januari, serikali iliwataka wenye nyumba za kukodisha kwa muda mfupi wajisajili kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, ambayo Sheria ya Utalii ya 2011 ilishaipa kazi hiyo. Mimi naunga mkono, na ningeongeza kitu kidogo zaidi ya cheti: daftari getini. Jina, kitambulisho, saa ya kuingia. Mahali nilipokaa daftari lilikuwepo, na kijana wa zamu alilishikilia kama msahafu. Nilinung'unika siku ya kwanza. Usiku wa kwanza nikiwa peke yangu, niliacha kunung'unika.

Halafu kuna kodi ya nyumba. Mwenye ploti akigundua kwamba nyumba inamletea kwa siku kumi alichokuwa akipata kwa mwezi, muuguzi aliyekuwa anapanga pale atasogezwa. Barcelona wamefika mbali na hili kiasi kwamba meya wao, Jaume Collboni, alitangaza Juni 2024 kuwa leseni zaidi ya 10,000 za nyumba za watalii hazitahuishwa tena ifikapo Novemba 2028. Kimumu si Barcelona, ardhi bado ipo na majumba yanaota kila msimu. Lakini Eldoret ilipata hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, la tano nchini, na jiji likishapewa cheti bei za ploti hazirudi nyuma. Wanaolipanga jiji wangefanya vyema kujua ni nyumba ngapi za watu zimegeuka za wageni, kabla ya muuguzi kuhamia mbali na wodi yake.

Siku yangu ya kumi na moja ilikuwa Ijumaa. Nilifungua kabati la jikoni nipakie, nikakuta nimeongeza vitu juu ya vile nilivyovikuta. Wageni waliotangulia walikuwa wameacha chumvi, majani ya chai nusu pakiti, pilipili manga iliyopoteza harufu, na mkebe wa maharagwe ambao nadhani umepita mikononi mwa watu wengi na hakuna aliyeufungua. Mimi nilikuwa na unga robo tatu ya pakiti na mafuta ya kupikia. Nikavichukua nikaenda kubisha hodi mlango wa pili.

Alikuwa anakunja nguo. Akavipokea kwa mikono miwili, akatazama unga, akanitazama.

"Na wewe utasonga nini huko?"

"Narudi nyumbani, mama."

"Haya. Ngoja." Akaingia jikoni, akatoka na kiberiti changu. "Jiko walitengeneza jana. Hiki ni chako."

Nikakitikisa. Zilibaki njiti tatu. Nikamwuliza mzee anaendeleaje, akasema jana alimaliza kikombe kizima cha uji. Chini boda boda ilipiga honi, yake au yangu hatukujua, tukateremka ngazi pamoja.